Kofia ya Bwana Osvald

Vijana wangu, kazi yangu hapa Minnesota ilikuwa kufagia kanisa. Nalisema mapema ili mwenye haya aondoke. Wenzangu niliotoka nao Dar es Salaam wakawa wauguzi na wahasibu, na mmoja wao ana gari ambalo viti vyake vinapasha makalio moto. Mimi nilishika ufagio, koleo la theluji na kitita cha funguo kizito hata suruali ilikuwa ikiniteremka upande mmoja. Binti yangu Neema akiulizwa na wenzake kazini baba yake anafanya nini, alikuwa anajibu, "He's in facilities." Nililipenda sana neno lile. Nilidhani ni cheo.

Mnapokuja hapa Richfield kula pilau ya Neema, mnaiona ile kofia ya manyoya iliyotundikwa juu ya televisheni, mnaniuliza kama nimeua dubu. Siku zote nawajibu upuuzi. Leo nitawajibu vizuri, kwa sababu umri umekwenda na nina ombi kwenu, na ombi lenyewe hamtalielewa bila kuijua kofia.

Nianze na chumvi. Kanisa letu lilikuwa la mawe, la zamani, upande wa Saint Paul, na nyuma yake kulikuwa na makaburi, jambo adimu mjini. Kazi ya mtunza kanisa majira ya baridi ni moja tu: mtu asianguke. Mengine yote ni mapambo. Theluji iondoeni kabla haijakanyagwa, kwani ikishakanyagwa ni sementi. Chumvi mwageni mapema. Baridi ikizidi kabisa, chumvi haifanyi kitu, inakaa tu pale juu inawatazama. Hapo mwageni mchanga. Na msisahau kipande kati ya lango la makaburi na makaburi yenyewe, kwa sababu kina mteremko na hakipigwi na jua. Haya yote niliyajua kwa kuanguka. Baridi yangu ya kwanza nilianguka mbele ya kwaya, nikaanguka mbele ya bibi harusi, na nikaanguka mbele ya mtu wa bima aliyekuja kukagua kama njia zetu ni salama.

Aliyenifundisha kazi hakuwa fundi. Alikuwa Bibi Ingrid, mjane, anakaribia miaka tisini, mwembamba, mgongo umenyooka, mkuu wa akina mama wa jikoni kwenye ghorofa ya chini ya kanisa. Kule chini ndiko ulikokuwa Ulutheri wenyewe. Juu kulikuwa na mahubiri tu.

Siku ya kwanza alinipa kopo la kahawa na yai bichi. Akasema, "Vunja yai hili, ulikoroge na kahawa pamoja na ganda lake, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka."

Nikamtazama. Mimi ni Mzaramo, na kwetu masihara ni chakula cha pili baada ya muhogo. Nikasema moyoni, huyu bibi ananipima. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Alipogeuka, nikalitia yai mfukoni mwa koti, nikapika kahawa ya Kikristo isiyo na yai. Yai lenyewe nikalisahau mpaka nilipokaa.

Kumbe hakuwa anatania. Wazee wa hapa ambao babu zao walitoka Norwe na Uswidi ndivyo wanavyopika kahawa. Yai hukusanya machicha yote, ukimwagia kikombe kimoja cha maji ya baridi yanazama chini, na kahawa inatoka safi, laini, haina uchungu. Yangu ilikuwa na tope la kutosha kupanda mpunga. Wakanywa. Watu wote wakanywa, wakatabasamu, wakaniambia, "Well, that's different." Nikafurahi sana. Nikaipika hivyo hivyo mwaka mzima kabla Wambui, jirani yangu Mkenya anayefanya kazi nyumba ya wazee, hajanihurumia. "Mzee," akaniambia, "hapa mtu akikwambia ni different, anamaanisha usirudie tena. Hujawai notice?"

Upole wa namna hiyo ulinitesa kuliko baridi. Hapa mtu hakuambii umekosea. Anakuambia asante, anashikilia mlango, anakuuliza habari ya familia, na miaka inapita hujui kama anakupenda au anakuvumilia. Kwetu mtu akikupenda atakwambia una kichwa kibaya mbele ya wakwe zako. Mimi niliishi hapa miaka miwili bila mtu yeyote kukitaja kichwa changu, na ninyi mmekiona. Nilikuwa mpweke, vijana. Sikujua kuwa jina lake ni upweke. Nilidhani ni ukosefu wa vitamini, Neema akaninunulia vidonge.

Sasa ukutani, juu ya birika kubwa la kahawa, ilitundikwa picha ya babu yake Bibi Ingrid, Bwana Osvald, mmisionari. Ndevu hadi kifuani, kichwa wazi, na pua ambayo niliipangusa vumbi peke yake, mbali na uso. Kila mwaka, Jumapili ya Misheni, Bibi Ingrid alipanda mimbarini akasimulia maisha ya babu huyo. Mwaka wangu wa kwanza sikusikia neno, nilikuwa nahangaika na bomba la joto lililokuwa likifoka kila mchungaji alipotaja dhambi. Mwaka wa pili nilisimama nyuma, ufagio mkononi, nikasikiliza.

Osvald alikuwa mtoto wa wakulima wa Kinorwe waliokuja kulima mbuga za Minnesota karne ile ya kumi na tisa. Alikuwa na jembe na ng'ombe, akaviacha, akasoma uchungaji, na chama kimoja cha misheni cha Ulaya kikampokea. Akasafiri kwa meli hadi Unguja, akavuka hadi Bagamoyo na mkewe Marta na kinanda kidogo cha mbao. Pale akaajiri wapagazi wa Kinyamwezi. Mbele alitangulia kirangozi, mwongoza msafara, na manyoya kichwani, nyuma yake mizigo ya nguo na shanga, katikati watu wanne wamejitwisha kinanda. Kwenye mto Kingani kinanda kikaanguka majini, na tangu siku ile kilikosa baadhi ya sauti. Osvald akapanga nyimbo zake kwa kuzikwepa sauti hizo, ndiyo maana Wakristo wake wa kwanza walijifunza tenzi zenye mashimo.

Akatembea miezi mingi hadi Unyamwezi. Ugogo alitozwa hongo ya kupita mpaka akabaki na viatu tu. Homa ikamwangusha, wakambeba kwenye machela. Alipofika akajenga nyumba, ikaanguka. Akajenga nyingine, ikaanguka, wenyeji wakamhurumia wakamjengea wao. Alibatiza watu wachache mno. Marta akafariki, akamzika kule, na baada ya miaka kadhaa akarudi pwani kwa miguu, mgonjwa, akapanda meli. Akaoa tena, akapata mabinti, akamalizia maisha akiwa mchungaji wa kanisa hilihili nililokuwa nafagia.

Lakini kisa alichokisimulia Bibi Ingrid kwa uchungu zaidi kilikuwa cha majambazi. Siku chache tu baada ya kuondoka Bagamoyo, wakiwa bado katika nchi ya Wazaramo, watu walitoka vichakani wakipiga kelele. Wakawanyang'anya wapagazi kuku wao. Wakawatukana mama zao na bibi zao. Mmoja akamnyakua Osvald kofia kichwani, akaivaa, akacheza nayo. Na la kusikitisha zaidi, alisema Bibi Ingrid, wapagazi wenyewe walikuwa wakicheka. Miaka mingi baadaye, Osvald akirudi pwani mjane, majambazi wale wale wakatoka kijiji kile kile, mmoja amevaa kofia ile ile, wakamzunguka wakicheza. Osvald akakaa chini njiani, akalia. "Aliwalilia," Bibi Ingrid akasema kwa sauti ya chini, "kwa ugumu wa mioyo yao."

Hapo ndipo nilipocheka.

Na si kicheko cha kuficha kiganjani. Kilitoka tumboni, kikagonga dari la lile kanisa la mawe, kikanirudia. Watu mia wakageuka. Nikajaribu kukigeuza kikohozi, nikapaliwa, ufagio ukaanguka, na nilipoinama kuuokota nikacheka tena.

Nikaitwa ofisini. Mchungaji alikuwepo, na Bibi Ingrid mkoba mapajani. Mchungaji akasema kwa upole wa kutisha, "Kondo, tungependa kuelewa."

Nikawaeleza. Wale hawakuwa majambazi. Walikuwa watani. Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na misafara walipita kwetu Uzaramo mwaka hadi mwaka, na tukawekeana utani unaodumu hadi leo. Mtani hukutukana, hula kuku wako, huchukua kofia yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umekata undugu. Bibi yangu pale Maneromango akisikia Mnyamwezi anapita alificha kuku wote, halafu Mnyamwezi asipoomba kuku alinuna siku nzima. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kukusema vibaya, kukuigiza ulivyokuwa ukitembea, kuchukua kitu chako na kukimbia nacho, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Ndiyo rambirambi yake.

"Walipomwona babu yako na Wanyamwezi," nikamwambia Bibi Ingrid, "wakamhesabu Mnyamwezi. Asingekuwa ndugu wangemwachia kofia yake."

Akaniangalia. Nami mdomo wangu, ambao haujawahi kujua mahali pa kusimama, ukaongeza, "Na wale, mama, walikuwa babu zangu."

Hapa niwaambie ukweli. Maneromango iko kusini, na msafara wa Bwana Osvald haukupita hata karibu. Lakini sijawahi kuona mtani akidaiwa ramani.

Nikaanza kufikiria jinsi ya kumweleza Neema kwamba sipo tena kwenye facilities. Halafu bibi akasema, "Kwa hiyo ni ukoo wako uliochukua kofia ya babu yangu."

"Inaelekea, mama."

"Basi irudisheni."

Akasimama, akafika mlangoni, akageuka. "Na kahawa yako ni mbaya mno, Kondo. Mwaka mzima tunainywa kwa imani tu."

Nilikwenda nyumbani ninaimba. Wambui, aliyekuwa akiendesha, aliniuliza kama nimepandishwa mshahara. Nikamwambia nimetukanwa.

Tangu siku hiyo kila Jumapili Bibi Ingrid alinisimamisha mlangoni. "Kofia iko wapi?" Nami nilikuwa nikimjibu: iko kwa fundi. Imezuiwa bandarini, wanataka ushuru. Ameivaa mjomba, naye amekwenda Mafia hajarudi. Alitoka nje kuangalia ninavyopiga koleo, akasema kuku wa mama yake walichakura vizuri zaidi. Nikamwambia babu yake alitembea nusu ya Afrika kwenda kubatiza watu wasiojaza benchi moja. "Angalau yeye alifika," akajibu. "Wewe juzi umepotea unakwenda Lakeville." Ni kweli. Nilitumwa kupeleka viti kwa mwanawe, nikatokea Shakopee kwenye maghala, mlinzi akadhani nimekuja kuomba kazi, akanipa fulana.

Akina mama wa jikoni walitusikia, wakatazama vikombe vyao. Aliyekerwa hasa ni huyo mwanawe, Paul, daktari wa meno, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya manyoya inayofunika masikio. Sikuwahi kuyaona meno yake mwenyewe. Alimwuliza mchungaji, kwa upole, kama mama yake anaonewa na mfagizi. Mchungaji akaniuliza mimi, kwa upole zaidi, kama kuna haja ya kukaa kikao. Neema akanionya kwa Kiswahili kitupu, "Baba, mzaha mzaha hutumbuka usaha." Nikapunguza sauti, lakini sikuacha. Ningeachaje? Nilikuwa na mtu mmoja tu katika miji hii yote aliyekitaja kichwa changu.

Kuna mambo mengine ya kazi ningependa kuwafundisha. Nta ya mishumaa kwenye zulia msiikwangue. Wekeni karatasi ya kaki juu yake, mpitishe pasi ya moto wa kiasi, karatasi itainywa. Wa kiasi, nimesema. Mkitaka kujua kwa nini, mbele ya madhabahu ya kanisa lile kuna chungu cha maua ambacho hakihamishwi kamwe, na chini yake pana alama ya pasi.

Baridi ya mwisho ya Bibi Ingrid alikuwa katika nyumba ya wazee anapofanya kazi Wambui. Siku moja Wambui akanigongea mlango, bado na sare zake. "Mzee, yule cucu wako, Bibi Ingrid, anakuuliza. Anasema u-come na kofia."

Nikaenda mchana ule ule. Alikuwa amebaki macho na ulimi tu. Nikamwambia kofia iko njiani, inakuja kwa miguu. Akatabasamu, kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema mimbarini.

Alimkumbuka babu yake. Alikuwa mtoto mdogo, naye Osvald mzee sana, na hakuvaa kofia kamwe, hata kwenye theluji ya magotini. Mabinti walimnunulia kofia, akazigawa. Walimwuliza kwa nini, akajibu neno lile lile kila mara: "Kofia yangu iko kwa jamaa zangu." Nyumbani walidhani anawasema jamaa wa Norwe. Halafu wakadhani akili imeanza kumwacha.

Nikamvutia blanketi hadi mabegani.

"Kondo," akasema, "siku yangu ikifika watasimama kule chini wanakula mkate na nyama baridi, watasema nilikuwa mpole. Sikuwa mpole hata siku moja. Niahidi utakuja ufanye kazi yako."

"Nitakuja, mama."

"Sisemi kazi ya kupanga viti."

Nikaahidi. Mtu humwahidi mgonjwa kitu chochote. Kutoka nje nikakumbuka kwamba ahadi ni deni, nikamkumbuka Paul na kofia yake.

Siku ya maziko Wambui ndiye aliyenipeleka. Njia nzima alinisihi. "Mzee, please. Hawa wata-call polisi. Hii ni funeral, si comedy. Utapoteza kazi, na utani-embarrass mimi mbele ya wagonjwa wangu." Paul alikuwa ameshaomba ibada tulivu, yenye heshima. Mchungaji alinikumbusha neno hilo, heshima, mara mbili, na alinishika bega alipolisema.

Nami nikakata shauri la kunyamaza. Nawaambia kama lilivyokuwa. Nilijisemea kwamba Bibi Ingrid amelala, hatajua, na kwamba kule kwetu wangeelewa lakini hapa ni hapa. Alfajiri yote nilikaa chumba cha tanuri kule chini, nimeshika koleo, nalia kama mtoto, na nilipopanda juu kufungua milango nilikuwa nimejifuta uso vizuri na nimesahau kazi nusu.

Ibada ikaenda vizuri. Kila mtu alisema alikuwa mpole. Mwishoni mchungaji akasema Ingrid aliacha maagizo kuhusu nyimbo na maua, na kwamba kuna agizo moja la mwisho ambalo aliapishwa alitangaze. Uso ukamwiva.

"Ingrid ameomba kwamba kahawa ya leo ipikwe na mtu yeyote isipokuwa Kondo."

Watu wakatazama viatu vyao kwa kunionea huruma. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka akanipapasa goti. Wambui akafumba macho. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi: marehemu alikuwa amenipiga wa kwanza, hadharani, akiwa ndani ya jeneza. Vijana, mtani akikupiga ukanyamaza, yale yote ya nyuma yanageuka matusi. Miaka yote ile ingekuwa kweli ni bibi mmoja kumwonea mfagizi, au mfagizi kumwonea bibi.

Tukatoka makaburini. Baridi ilikuwa ile ya kukata pua. Jeneza likawekwa juu ya kaburi, mchungaji akamaliza, mavumbi kwa mavumbi, na pakawa na ule utulivu ambao watu hapa huuheshimu sana. Paul alisimama mbele, mikono imekunjwa, kofia ya manyoya hadi kwenye nyusi. Nikasogea karibu naye kama mtu anayetaka kutoa pole. Akanigeukia, tayari kuipokea.

Nikamnyakua kofia.

"Bora umekwenda, Ingrid!" nikapiga kelele, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza ili nisije nikapoteza faida. "Ulitumalizia mayai! Miaka yote unahesabu watu wanaochelewa, leo umechelewesha mia nzima kwenye baridi! Babu yako ulimwita maskini aliyeibiwa, kumbe maskini ni sisi tuliolishwa biskuti zako!" Nikaivaa ile kofia, nikajinyoosha mgongo, nikatembea alivyotembea yeye, nikinusa kikombe ambacho hakipo na kukunja uso.

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Nilisikia bendera ikipigapiga kwenye mlingoti. Nikaona uso wa Paul, nikafanya alichofanya babu yangu wa kule nisikokujua. Nikakimbia.

Sasa mnakumbuka kipande kati ya makaburi na lango, chenye mteremko, kisichopigwa na jua? Siku ile sikukimwagia mchanga. Nilikuwa nalia chumba cha tanuri. Hatua zangu za kwanza zilikuwa nzuri, ya nne ilikuwa angani, na mtunza kanisa mwenye kazi moja tu, mtu asianguke, akatua chali mbele ya ushirika mzima, kofia ya mfiwa kichwani, miguu inatazama mbinguni.

Nikasikia hatua. Paul akaja akasimama juu yangu. Nywele zake chache zilikuwa zimesimama, masikio mekundu. Nikaiona kazi yangu ikiondoka. Nikamwona Neema akinifuata kituo cha polisi. Alinitazama muda mrefu, na midomo yake ikawa inahangaika.

"Zaidi ya miaka mia," akasema, "na bado mnaiba kofia."

Yalikuwa maneno ya mama yake. Alikuwa akiyasikia mezani, kumbe, kila sikukuu, miaka yote ile, yeye na ukavu wake. Akacheka, nami nikayaona meno yake kwa mara ya kwanza. Mazuri, kwa daktari wa meno. Alicheka mpaka kicheko kikavunjika katikati, kisha akakaa chini pale pale njiani, kwenye theluji, na suti yake nyeusi, akalia kwa sauti. Wale wapole wote walisimama wasijue wafanye nini. Nikajikokota nikakaa naye, na hapo nikajua kwa nini Bwana Osvald alilia njiani alipoiona kofia yake. Alikuwa amemzika mkewe nchi ya mbali, anarudi hana kitu, na akakuta kuna watu bado wanamtania.

Baadaye Paul akajifuta pua. "Irudishe," akasema.

"Iko kwa fundi," nikamjibu.

Kazi sikufukuzwa. Mchungaji aliniambia tu kwamba ilikuwa ibada tofauti. Nami nikastaafu kwa amani, na funguo nikazirudisha, na suruali yangu ikakaa sawa.

Paul anakuja hapa Richfield kila baridi, amezeeka naye, kichwa wazi, anakaa kwenye kochi lile mnalokalia, anaidai kofia. Nampa kahawa. Anasema ni mbaya. Mjukuu wangu hutuangalia kwa huruma: "Babu, just give the man his hat." Simpi. Na siku hizi nimeanza kuhesabu mambo yangu, kwa hiyo lisikieni ombi langu.

Siku yangu ikifika, atakuja mzungu mmoja mrefu asiye na kofia. Atasimama mbele ya jeneza langu, atasema mabaya. Atasema juu ya kahawa yangu na kichwa changu, na atachukua kitu changu chochote atakachokiona na kukimbia nacho. Msimzuie. Msipige simu popote. Msitazame viatu vyenu. Mjibuni, hata kwa Kiingereza, mumtukane vizuri mpaka aridhike, na kofia yake msimpe. Na njia yote, tangu kaburini hadi langoni, muwe mmeimwagia mchanga.